Asilimia Sita ya Nini?

Ndugu zangu, nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: mkiambiwa kota ya nguo, yaani kikomo cha kiasi ambacho nchi iliruhusiwa kuiuzia nyingine kwa mwaka, "ilikua", ulizeni ilikua kutoka ngapi.

Mkataba wa nguo wa Shirika la Biashara Duniani, wa kuondoa kota hizo hatua kwa hatua, ulianza Januari 1995. Kila kota ilibaki na nyongeza yake ya mwaka, kisha nyongeza hiyo ikapandishwa: kwa asilimia 16 mwaka 1995, 25 mwaka 1998, 27 mwaka 2002. Watu husoma hapo wakadhani kota ndiyo iliyopanda asilimia 16. Hapana! Iliyopanda ni nyongeza. Asilimia 6 ikawa 6.96, ikaja 8.7, ikaishia 11.05.

Shikeni kalamu. Nchi yenye kota ya dazeni 100,000 za mashati na nyongeza ya asilimia 6 ilimaliza 2004 ikiwa na dazeni 234,000 hivi. Jirani yake alianza na dazeni hizohizo, ila nyongeza yake asilimia 1. Mkataba uleule, miaka ileile kumi: akaambulia 116,000. Na enzi hizo ukifikisha mzigo kota imeshajaa, forodha haikuutoa. Ulilala ghalani kwa gharama yako hadi Januari, na mashati ya kiangazi Januari nani angeyanunua?

Mtaniambia: mbona bidhaa zilifunguliwa kwa awamu, zisiweze kuwekewa kota tena, asilimia 16, 17, 18, na 49 za mwisho Januari 2005? Nauliza tena, asilimia ya nini? Ya ujazo ulioagizwa 1990, kwa orodha iliyohesabu hata parachuti, miavuli, mikanda ya viti vya magari na nguo za wanasesere. Na nchi iliyoagiza ndiyo iliyochagua ianze na kipi. Awamu ya kwanza, Marekani na Umoja wa Ulaya hawakufungua hata bidhaa moja iliyokuwa chini ya kota.

Msidhani kota ni habari ya wauzaji wakubwa wa nguo kama Hong Kong peke yao. Mwaka 1994 Marekani iliiwekea Kenya kota ya mashati na foronya. Foronya, jamani!

Muda umeniishia, la China nalipitia mbio. Kota zilikoma Januari 2005; Juni Ulaya ikazirudisha kwa aina kumi za bidhaa za China, nyongeza kati ya asilimia 8 na 12.5 kwa mwaka. Viwanda vilikuwa vimeshapokea oda. Agosti sweta na suruali zikarundikana bandarini, na zilipoachiwa Septemba, sehemu ya mzigo ilikatwa kwenye kota ya 2006.