Pezi gumu sio sifa

Haya jamani, mlioko juani sogeeni huku chini ya mkungu, leo sina mengi, ni hili la ugumu wa mapezi ya kaboni, yale marefu ya kuvaa miguuni tunayozamia nayo kwa pumzi moja bila mtungi, manake kila mtu ananiuliza nichukue laini, ya kati au magumu.

Mi ya kwanza nilichukua magumu. Nina kilo 82, nikajiona nina mapaja, nikasema laini ni za watoto. Kushuka raha tupu, ila kurudi kutoka mita 22 miguu ikaisha, nikaanza kupiga baiskeli, magoti yanakunja na pezi limenyooka kama ubao wa dau, shavu la mguu likakaza nikafika juu nahema kama mbwa. Hapo ndo nikaelewa kwamba pezi unalichagulia safari ya kurudi.

Angalieni. Pale juu mapafu yamejaa, unaelea, kwa hiyo zile mita 10 za kwanza unasukuma kwelikweli. Ukifika mita 10 presha ishakuwa mara mbili ya juu, hewa ya mapafuni imebaki nusu ya ukubwa wake, mbele kidogo unaanza kuzama mwenyewe bila kupiga. Sasa kurudi ndo kasheshe, uko mzito, miguu imechoka, oksijeni umeshaitumia, na kadiri unavyopanda presha inashuka na nguvu ya ile oksijeni iliyobaki inashuka nayo, ndo mana watu wengi wanazimia karibu kabisa na juu, wakati washaliona jua. Misuli mikubwa ikifanya kazi ya bure inakula oksijeni hiyohiyo.

Halafu kuna kitu watu hawakiwazi. Ushauri mwingi mnaousoma unatoka kwa wazamiaji wa Mediterania, wale wanavaa suti ya mpira ya kuzamia yenye unene wa milimita 5 au 7, inaelea balaa, lazima wapambane nayo kule juu. Huku Zanzibar tunavaa milimita 2 au 3, wengine tunaingia na fulana tu. Cha kusukuma ni kidogo, kwa hiyo yeye akisema "ya kati", wewe mwenye mwili kama wake jaribu laini kwanza.

Na hayo majina yenyewe msiyaamini sana, hakuna kipimo kimoja, "ya kati" ya kampuni hii inaweza kuwa gumu kwa ile. Kiatu nacho, ile sehemu ya mpira, kikiwa kigumu bapa lilelile, yaani ule ubao mrefu wa pezi, unalihisi gumu zaidi, na kikikupwaya nguvu inapotelea humo humo.

Eti uzito wa mwili? Unasaidia kukisia, basi. Mtu wa kilo 60 mwenye mapigo mazuri ya miguu anaweza kumudu pezi linalomshinda wa kilo 90.

Mwambie mwenzako akurekodi kwa ubavu ukiwa unapanda. Goti linakunja sana na bapa halipindi, gumu hilo. Bapa linajikunja lote na inabidi upige harakaharaka ndo usogee, laini mno. Likipinda taratibu na kukurudishia msukumo, umelipata.

Na msisimame nayo juu ya matumbawe, kaboni inapasuka.

Nimeleta jozi tatu, boti ile pale. Wawiliwawili, mmoja chini mmoja juu anamwangalia. Nani anaanza?