Ukibonyeza, Nani Anakujibu?

(Mhadhara kwa wakazi, Majengo, Mombasa)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, wanisamehe waliokuja na kalamu wakitaraji orodha ya apu za kupakua. Apu za afya ni tele, na nyingi hazina kazi. Mimi nina swali moja tu: ukibonyeza, nani anakujibu?

Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa papa hapa Kenya, katika kliniki tatu, kwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipata kila wiki ujumbe kutoka kwa muuguzi: “Mambo?” Basi. Mgonjwa alikuwa na siku mbili za kujibu “Sawa” au “Shida”. Akisema shida, au akinyamaza, muuguzi alimpigia. Waliosema wamemeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, na 50 kwa wasiotumiwa. Hakukuwa na haja ya simu janja. Hata mulika mwizi ilitosha.

Kisha tazameni ustadi wake. Ujumbe haukutaja dawa wala ugonjwa. Nyumba zetu mwazijua: simu ya mama mtoto aichezea, wifi aiazima, na hakuna anayeomba ruhusa. Akiona “Mambo?” ameona salamu. Sasa linganisheni na apu inayotokeza jina la maradhi kwenye kioo, wewe umebanana na watu kwenye feri ya Likoni! Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na ni sheria nzuri. Lakini sheria iko mahakamani, wifi yuko sebuleni.

Wako watakaosema, basi tutume kila siku. Hilo nalo lilijaribiwa, Chulaimbo, karibu na Kisumu, na matokeo yakatoka 2011. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki walishika dawa vizuri zaidi kuliko wasiokumbushwa. Waliokumbushwa kila siku? Hawakuwa na tofauti ya maana. Kelele ikizidi, sikio huizoea. Nawaomba vijana wetu wanaotengeneza apu walizingatie hili kabla ya kuweka kengele saba.

Simu janja nayo ina mahali pake. Huko Trans Nzoia walimu walitumia apu ya Peek kuwapima watoto macho shuleni. Aliyeonekana na tatizo alipewa picha ya kuwaonyesha wazazi jinsi anavyoona, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 54 ya watoto hao walifikishwa hospitalini. Kwa utaratibu wa zamani walikuwa 22. Kwangu mimi, apu ile ilifanya kazi kwa sababu haikuishia kwenye kipimo. Ilimfuata mzazi mpaka akaondoka nyumbani.

Sasa presha, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu, na sisi na achari zetu. Usiiamini apu inayodai kupima presha kwa kuweka kidole juu ya kamera. Kamera na taa yake huweza kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu rangi ya kidole hubadilika kidogo damu inapopita. Presha ni jambo jingine. Kule Marekani apu moja ya namna hiyo iliuzwa sana, na ilipochunguzwa, matokeo ya 2016 yakaonyesha kwamba karibu wanane katika kila kumi wenye presha ya juu waliambiwa wako salama. Mtu kama huyo ataenda kliniki kufanya nini?

Apu ya kukufaa ni ile ya kuandikia tu. Kaa kimya dakika tano, pima kwa mashine ya kufunga mkononi, asubuhi na jioni, andika namba zote mbili, ya juu na ya chini. Siku ya kliniki mfungulie daktari aone wiki nzima, badala ya kipimo kimoja ulichopimwa Coast General ukiwa bado unahema kwa kuwahi foleni. Daftari pia laweza kazi hiyo, ila daftari husahauliwa nyumbani.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama wa upande wa dirishani.