Weka ruff ilinde msimbo wako wa Python, hata kama projekti ni ya zamani

Haya wadau, karibuni tena. Leo tunaweka mkaguzi wa msimbo kwenye projekti ya Python, yaani programu inayosoma mafaili yako bila kuyaendesha alafu inakwambia wapi pana tatizo. Tunatumia ruff kwa sababu iko fasta sana.

Fungua terminali, ingia kwenye folda la projekti, andika pip install ruff. Ikimaliza, andika ruff check --statistics. Cheki hapa kwenye skrini yangu, inahesabu kila aina ya kosa: F401 ni impoti zisizotumika, F841 ni variabo umeipa thamani na hukuitumia popote, E722 ni except tupu inayomeza kila kosa. Hiyo ya mwisho msiichukulie poa jamani, programu inafeli kimyakimya na wewe unakesha unatafuta chanzo.

Sasa fungua pyproject.toml, faili la mipangilio ya projekti, weka [tool.ruff.lint] na chini yake extend-select = ["B", "C901"]. C901 inapima fanksheni ina njia ngapi za kupita ndani yake, ni kipimo cha McCabe cha mwaka 1976, na ruff inaanza kulalamika ikizidi 10. Ila B, kundi la kanuni zinazokamata mitego ya kawaida ya Python, ndo naipenda zaidi, ona hii: def ongeza(kitu, orodha=[]). Inaonekana safi, si ndio? Lakini Python inaiunda hiyo orodha mara moja tu, pale fanksheni inapotengenezwa, kwa hiyo ukiiita mara ya pili unakuta vitu vya mara ya kwanza bado vimo, na testi yako ilipita vizuri tu kwa sababu iliita mara moja. Ruff inaikamata kama B006 bila kuendesha chochote. Weka orodha=None, orodha mpya uiunde ndani.

Yale mepesi yanarekebishwa na ruff check --fix, ila komiti kwanza, yaani hifadhi msimbo ulivyo kwenye git, ili git diff ikuonyeshe imebadilisha nini.

Hapa sasa ndo wengi wanakwama. Unaona maonyo mamia yamebaki, unataka kuyamaliza yote, siku ya tatu umechoka unaizima kabisa. Usifanye hivyo. Rekebisha E722 na B006 kwanza, hizo msizifunike kabisa, alafu andika ruff check --add-noqa, inaweka alama ya noqa, yaani maoni yanayoiambia ruff isiulalamikie mstari huo, kwenye kila mstari wenye kosa la zamani, kwa hiyo kuanzia hapo onyo lolote linalotokea ni la msimbo mpya. Ya zamani unayapunguza kila unapogusa faili lake.

Bado kuiweka kwenye CI, yaani mfumo unaoukagua msimbo wenyewe kila unapopushi, amri ya kukagua ni moja tu, ruff check. Ikikuta kosa inarudisha 1 na kazi inafeli, na kama umewasha ulinzi wa branchi kuu unaodai kazi hiyo ipite, basi msimbo huo hauungwi humo. Ngoja niirudishe ile orodha=[] makusudi, napushi... tusubiri kidogo... eeh, nyekundu hiyo, B006, na mstari wenyewe imeutaja.