Sio kila sikukuu ya Wahindi ni Diwali jamani! Leo nipo juu ya paa Ahmedabad

Mambo vipi wana, na wakubwa zangu shikamooni. Nipo Ahmedabad, jimbo la Gujarat, tena nipo juu ya paa la nyumba ya watu kwa hiyo mkisikia mavuvuzela na miziki ya spika tatu kwa mpigo msinishangae, leo tarehe 14 Januari na mji mzima umehamia juu. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona? Hizo zote ni tiara. Wamama na sari zao, wababu, watoto, wote shingo juu, hakuna anayeangalia chini. Hii inaitwa Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara jua linapoanza kurudi kaskazini.

Sasa kabla hamjaniandikia "Happy Diwali" ngojeni kwanza. Kila nikiweka video ya huku lazima mtu aulize hiyo ndo Diwali au ndo ile ya kumwagiana rangi, na nawaelewa, maana Wahindi tuliokua nao tunawajua kwa Kisutu na Upanga, na wengi wao asili yao ni hukuhuku Gujarat na Kutch, basi tunadhani India nzima ndo wao. Sio kweli bana. Hata hii siku ya leo, jua lilelile, kila jimbo lina la kwake. Wapunjabi jana usiku wamekoka moto mkubwa nje wanauzunguka, wanaurushia karanga na bisi, hiyo Lohri. Assam wanajenga vibanda vya mianzi na nyasi, wanakula na kukesha humo afu asubuhi wanatia moto. Maharashtra wanapeana vitonge vya ufuta na sukari guru, na akikupa anakwambia uongee maneno matamu, yaani kama mlinuniana yaishe hapo.

Watamil wa kusini ndo balaa, wao sikukuu yao inaitwa Pongal, siku nne. Wanachemsha mchele mpya na maziwa na sukari guru kwenye chungu mpaka ufurike, ukifurika ndo shangwe zenyewe, na siku ya tatu ni ya ng'ombe, anaogeshwa, anapakwa rangi pembe, anavishwa maua. Kuna na ule mchezo wa kumrukia dume la ng'ombe nundu, jallikattu, Mahakama ya Juu ya India iliupiga stop 2014, Januari 2017 vijana wakajaa ufukweni Marina kule Chennai siku kibao mpaka sheria ikabadilishwa. Kwa ajili ya ng'ombe! Mwambie Mgujarati habari hizo anakutolea macho kama wewe tu.

Haya turudi kwenye tiara. Sisi za kwetu gazeti, njiti za chelewa na gundi ya ugali, ikiruka tumefurahi. Huku ni vita. Uzi wao unaitwa manjha, wiki kadhaa kabla utawakuta mafundi barabarani wamekaza nyuzi kwenye nguzo wanazipaka ujiuji wa mchele wenye rangi na unga wa chupa, ndio, chupa iliyosagwa, na nyingi ni za pinki kwa hiyo barabara nzima pinki. Lengo ni kukata uzi wa jirani. Wewe unarusha, mwenzio nyuma kashika firki, lile gurudumu la uzi, akizubaa umekwisha. Ukikata wanapiga kelele "kai po che!" paa zima, sahani zinagongwa, na yule aliyekatwa hata hajakasirika, anafunga nyingine. Vidole vyote vina plasta. Kati yake ndo unashushia kashata za karanga na ufuta, jalebi, na undhiyu, mchanganyiko wa mboga za msimu wa baridi na viazi vikuu, wenyewe asili yake hupikwa kwenye chungu kilichofukiwa ardhini.

Ila siwezi kuwapamba tu. Huo uzi unakata ndege, na unakata shingo za watu wa pikipiki, sio utani, ndo maana mtaona skuta zimefungwa tao la chuma mbele. Mbaya zaidi ni ule wa nailoni wanaouita wa Kichina, umepigwa marufuku nchi nzima tangu 2017 na bado unauzwa kichochoroni. Kuna watu wa kujitolea wanashinda wanaokota ndege waliojeruhiwa. Mimi naona unga wa chupa wangeuacha tu, ila sema hivyo hapa juu uone.

Afu kuna Uttarayan mbili. Serikali ina tamasha lake la kimataifa tangu 1989, siku hizi linafanyika pembeni ya mto Sabarmati, wanakuja warushaji wa nje na matiara makubwa, pweza, dragoni, video inatoka kali sana. Lakini mimi nakwambia kaangalie dakika chache uondoke. Yenyewe ipo mji wa zamani, kwenye pol, vile vichochoro vyenye geti ambako nyumba zimebanana mpaka unaongea na paa la jirani bila kunyanyua sauti. Siku hizi wenye nyumba wanakodisha mapaa, na wateja wengi ni Wagujarati wenyewe waliotoka Uingereza na Marekani, bei inapanda kama pango la Kariakoo. Wengine wanalalamika imekuwa biashara. Mimi sioni shida, zile nyumba za mbao zilizochongwa kuzitunza ni hela.

Kwa hiyo ukija, njoo tarehe 13 maana 14 usafiri ni tabu, kesho yake 15 bado wanarusha, skafu shingoni, pikipiki kaa nazo mbali. Mambo ya viza na nauli video nyingine, hapa wameniita nikashike firki.