Kuisaka plastiki ya majini kwa rangi inayong'aa

Haya mtazamaji, leo twaisaka plastiki ndogo kwenye maji ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, kwa Nile Red. Rangi hii ndani ya maji matupu haing'ai kitu. Ikipata mafuta au plastiki hujipenyeza humo, na ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inawaka.

Teka maji yanapopwa, kwa ndoo ya chuma. Vaa leso au kanzu ya pamba, jezi iache nyumbani, nyuzi zake ni plastiki hiyo hiyo. Pitisha lita 10 kwenye chekecheke ya chuma yenye matundu ya milimita 0.1, kisha suuzia kilichobaki ndani ya kikombe cha kioo.

Hapa usiwe na pupa. Nile Red haijui plastiki, inajua mafuta tu, kwa hiyo mwani nao utang'aa. Mwagia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, ufunike kwa kulegeza, uache usiku kucha. Itafoka povu. Si ile hafifu ya kuoshea vidonda, hii inaunguza ngozi! Vaa glavu na miwani, na ukipata maabara ya shule, fanyia huko.

Kesho yake rudisha kwenye chekecheke, suuza peroksaidi yote itoke, tia mabaki kwenye mililita 100 za maji yaliyochujwa. Yeyusha miligramu 1 ya rangi kwa mililita 1 ya asetoni, umimine humo. Asetoni usiizidishe, vipande vya vile vibakuli vyeupe vya chakula vitayeyuka. Nusu saa gizani, kisha chuja kwenye karatasi ya nyuzi za kioo. Maji ya rangi yatie chupani, usiyamwage horini.

Zima taa, washa tochi ya buluu, vaa miwani ya rangi ya chungwa. Tizama huu uzi wa manjano uliojikunja. Nausogezea sindano ya moto... umeyeyuka, basi ni plastiki. Hiki kinachong'aa pembeni hakiyeyuki, ni gamba la uduvi lililoishinda peroksaidi. Na hiki cheusi kimya? Huenda ni tairi. Weusi humeza mwanga, kwa hiyo njia hii haifai kwa vumbi la barabarani.

Mwisho, pitisha lita 10 za maji yaliyochujwa hatua zote hizo hizo. Chembe zitakazowaka hapo zimetoka kwako na vyombo vyako. Zitoe kwenye hesabu ya Tudor, kinachobaki gawanya kwa 10, upate idadi ya kila lita.