Mtunga habari wa Lisbon na mkewe: historia ya kweli nyuma ya riwaya ya Greene

Asanteni sana, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, nafasi zipo. Leo tunaongelea Our Man in Havana, riwaya ya Graham Greene ya 1958, wengi wenu mmeisoma, ile ya muuza mashine za kunyonya vumbi pale Cuba, Waingereza wanamwajiri awe jasusi afu hana habari yoyote ya kuwapelekea, basi anatunga. Anatunga mpaka watu na mishahara yao anaidai. Sasa jamani hii kitu ilitokea kweli, na aliyeifanya alikuwa na mke, na huyo mke ndo hasa aliyenifanya niombe kuongea leo.

Greene alikuwa anaijua hiyo kazi kwa ndani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, kwanza Freetown, Sierra Leone, afu 1943 akarudi London akawekwa kwenye mambo ya Ureno, chini ya Kim Philby, ofisa wa MI6 ambaye baadaye alikuja kugundulika ni jasusi wa Warusi. Ureno haikuwa vitani, so Lisbon ilijaa kila aina ya mtu, na walikuwepo waliokuwa wanawauzia Wajerumani ripoti za uongo mtupu na wanalipwa vizuri tu.

Mkubwa wao ni Juan Pujol García, mtu wa Barcelona, kazaliwa 1912. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Uhispania vilimfanya awachukie wakomunisti na mafashisti wote kwa pamoja. 1941 yeye na mkewe, Araceli González, wakajipeleka kwa Waingereza Madrid, wakakataliwa. Pujol akaona basi, akaenda kwa Wajerumani akajifanya shabiki wa Hitler, wakampa wino wa siri, hela, wakamwambia nenda Uingereza. Hakwenda! Akakaa Lisbon na kitabu cha watalii na magazeti ya maktaba, anaandika ripoti kama vile yuko London. Hizo pauni na shilingi za Waingereza zenyewe zilimshinda kuzipigia hesabu, na kuna ripoti anasema Glasgow kuna watu watafanya chochote ukiwapa lita ya divai. Glasgow! Na Wajerumani wakameza.

Waingereza walikuwa wanasoma mawasiliano ya Wajerumani kwa siri, wakaanza kujiuliza huyu mtu ni nani. Aprili 1942 wakamleta London, wakampa jina la Garbo, wakamuunganisha na Tomás Harris wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, na hao wawili wakaunda mtandao wa maajenti 27 ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa. Mmoja wa Liverpool ilibidi "afe" kwa sababu kwa pale alipokaa angetakiwa aone meli za vita zikiondoka kwenda Afrika Kaskazini, basi wakatoa tangazo la kifo gazetini, na Wajerumani wakamlipa mjane pensheni.

Yote hayo yalikuwa matayarisho ya Normandy, pwani ya Ufaransa ambako Waingereza, Wamarekani na wenzao walitua kuwapiga Wajerumani. Tarehe 9 Juni 1944, siku tatu baada ya majeshi kutua, Garbo anawatumia Wajerumani ujumbe mrefu kwamba Normandy ni danganya toto, pigo lenyewe litakuja Pas de Calais, pwani nyingine ya Ufaransa, na jeshi la Patton, jenerali wa Kimarekani. Jeshi hilo halikuwepo, ni redio tu na zana za bandia. Hitler akabakiza divisheni nyingi Calais wiki kwa wiki, na hapo mjue kuna vijana waliobaki hai mpaka wakazeeka kwa sababu hizo divisheni hazikuja. Wajerumani wakampa Garbo nishani ya Msalaba wa Chuma, Waingereza nao wakampa nishani yao ya MBE, mwaka uleule.

Sasa Araceli. Huyu amefungiwa kwenye nyumba ya kitongoji London na watoto wadogo, haruhusiwi kukutana na Wahispania wenzake, mume hayupo kutwa nzima, na anamkumbuka mno mama yake kule Uhispania. 1943 akachoka, akasema anakwenda ubalozi wa Uhispania kueleza kila kitu. Pujol mwenyewe ndo akatoa wazo ajifanye kakamatwa kwa sababu ya maneno ya mkewe, Araceli akapelekwa amefungwa macho mpaka kambi ya mahabusu, akamkuta mumewe kavaa nguo za wafungwa. Akalia, akaahidi hatarudia. Mi hapo ndo huwa nashindwa kumsifia Pujol moja kwa moja, maana ule utaalamu wote wa kudanganya Wajerumani aliuleta nyumbani kwake, kwa mtu aliyegonga naye mlango wa Waingereza tangu mwanzo.

Wakaachana. Na uongo haukuishia hapo, 1949 ikatangazwa Pujol kafa Angola kwa malaria. Kumbe yuko Venezuela, kaoa tena, ana duka la vitabu. Araceli naye aliolewa na Mmarekani huko Uhispania, na ukweli ukatoka 1984 tu, mwandishi mmoja alipomfukua Pujol na kumpeleka Normandy kwenye kumbukumbu ya miaka 40. Pujol alifariki Caracas, Venezuela, 1988.

Haya, nani anaanza na swali? Na tafadhali ulizeni kuhusu Araceli pia, sio Garbo peke yake.