Miaka 13 Kabla ya Jiko

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu washiriki,

Wengi wenu mnatunga programu za kompyuta na mnataka kuanzisha ushirika unaomilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Swali lenu nalijua, kwani huulizwa kila ninapoalikwa: katiba iandikweje? Nitawaudhi kama nilivyowaudhi wenzenu. Katiba itasubiri, kwanza tuzungumze kuhusu watu, na mfano wangu ni uleule wa Mondragón, mji wa viwanda katika milima ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania, unaojulikana kwa vyama vyake vya ushirika vinavyomilikiwa na wafanyakazi.

Padri José María Arizmendiarrieta alipangiwa kazi huko mwaka 1941, akiwa kijana aliyetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa walioshindwa. Kiwanda kikubwa cha mji kilikuwa na shule ya ufundi yenye nafasi chache, na padri alipoomba ipanuliwe ili vijana wengine nao wasome, alikataliwa. Hakuandika andiko la kuomba ruzuku. Aliweka masanduku kwenye pembe za mitaa, kila mwenye nia aandike atachangia nini, fedha au kazi ya mikono, na mwaka 1943 shule ikafunguliwa ikiwa na wanafunzi wapatao 20. Nawaomba mlitafakari sanduku lile, maana mzazi aliyetumbukiza ahadi yake humo, chini ya utawala wa dikteta Franco ambao haukuvumilia chama huru cha wafanyakazi, alikuwa ameshajiunga na jambo ambalo halikuwa na jina wala namba ya usajili.

Vijana wa shule ile waliajiriwa, na baadhi yao wakaendelea kusomea uhandisi huku wakifanya kazi, wakitahiniwa katika mji wa Zaragoza. Walijaribu kwanza kukibadili kiwanda kilichowaajiri, wakidai wafanyakazi wapate sehemu ya umiliki, wakagonga mwamba. Ndipo watano kati yao walipoacha mishahara ya uhakika, wakachangisha mtaji kwa watu wa mji waliowafahamu, na mwaka 1956 wakaanza kutengeneza majiko ya mafuta ya taa huko Mondragón. Kampuni hiyo, ya kwanza kati ya vyama vya ushirika vya Mondragón, waliiita Ulgor, jina lililoundwa kwa herufi za majina yao ya ukoo. Kutoka shule hadi jiko ni miaka 13, nanyi mnaniambia mmekutana mara mbili hotelini.

Atasimama mtu aseme jiko si teknolojia. Jiko hilo, bwana, liliwafikisha kwenye majokofu na mashine za kufulia, na kufikia mwaka 1974 vyama vya Mondragón vilikuwa na kituo chao cha utafiti, Ikerlan. Mwingine atasema kampuni yenyewe, ambayo baadaye iliitwa Fagor, ilifilisika mwaka 2013. Ni kweli, ilizidiwa na madeni huku mauzo yakiporomoka. Lakini wanachama wake wengi walipokewa na vyama ndugu au wakastaafishwa mapema, na hilo haliwezekani kama watu hawajazoea kubebana tangu zamani. Sisi Watanzania ambao serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 tunapaswa kuuelewa upesi kuliko wengine udhaifu wa ushirika ambao uhai wake uko mikononi mwa ofisi.

Naona saa inanikimbiza. Kuhusu benki yao ya mwaka 1959, wazo lilikuwa la padri na waanzilishi wenyewe walilishangaa. Kuhusu bima, sheria iliwahesabu kuwa wamiliki, ikawanyima hifadhi ya jamii ya wafanyakazi, nao wakaunda ya kwao. Kuhusu mishahara, mwanzoni mshahara wa juu kabisa haukuzidi mara tatu ya ule wa chini, na baadaye pengo lilipanuliwa. Msinieleze kwamba wahandisi hodari hawatakubali masharti ya namna hiyo, kwa sababu tangu mwaka 2001 wahandisi wa Igalia, kampuni ya programu za kompyuta katika mji wa A Coruña, Uhispania, wanamiliki na kuendesha kampuni yao kwa usawa, na kazi yao imo ndani ya vivinjari vya intaneti ambavyo huenda mnavitumia sasa hivi kwenye simu zenu badala ya kunisikiliza.

Masuala ya kodi na usajili nilikuwa nimeyaandalia kurasa kadhaa. Muulizeni Afisa Ushirika wa wilaya yenu, yeye ameajiriwa kwa kazi hiyo.